Nusu Saa Baada ya Sindano

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nikinunua maji ya chupa nakagua kizibo kwanza. Nikipewa lifti nauliza dereva anafuata nini huko anakokwenda. Kwa hiyo siku mkuu wetu wa idara alipotukusanya chumba cha eksirei akatuambia kwamba sisi watu wa mionzi tutafundishwa kuchoma sindano za mshipa, wenzangu walipiga makofi, mimi nikauliza, "Kwani wauguzi wamekwenda wapi?"

Wauguzi walikuwapo. Ila hospitali yetu hapa Kibaha ilikuwa imepata mashine ya siti skani, na baadhi ya picha za mashine hiyo hazisomeki vizuri mpaka mgonjwa aingiziwe dawa mshipani, dawa inayofanya mishipa na figo ving'ae kwenye picha. Tulikuwa tunamwita muuguzi kutoka wodini aje kuichoma, naye alikuja akipata nafasi. Wagonjwa walisubiri kwenye benchi, wengine wakachoka wakaenda zao. Sasa tuichome wenyewe. Ilikuwa sababu nzuri, na mimi sababu nzuri ndizo ninazoziogopa zaidi. Nilijua kwamba mgonjwa akidhurika tutaoneshwa vidole sisi, na hao waliotupa kazi hii hawatakuwapo.

Mkufunzi tuliyeletewa alikuwa muuguzi wa kiume kutoka bara, mdogo kwangu kwa umri, mpole kupita kiasi. Alinisalimia shikamoo huku ameinama kidogo, nikaitikia marahaba huku najiuliza anataka nini. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alikuwa amefikia nyumba ya wageni ya Kongowe. Nililijua hilo siku ileile kwa sababu nilimuuliza bodaboda aliyemleta. Bodaboda akaniambia kwamba hata yeye kaulizwa maswali njia nzima: pikipiki inamuumiza mgongo au haimuumizi, usiku anapata usingizi au hapati. Nikasema moyoni, huyu katumwa. Mtu hawezi kuuliza usingizi wa bodaboda bure.

Mafunzo yalianza na mkono wa plastiki. Mkono wenyewe ulikuwa mweupe, una mishipa ya mpira iliyojazwa maji mekundu, na mwenzetu mmoja mwenye maneno mengi akaubatiza Mzungu. Huyo mwenzetu alikuwa na mkono mwepesi kweli. Alimchoma Mzungu mara ya kwanza akapata mshipa, mara ya pili akapata, akaanza kutupa mwongozo sisi tuliomzidi miaka ya kazi. Mtu asiyekosea hunitia wasiwasi, kwa sababu huwezi kujua atafanya nini siku atakapokosea. Nilimwekea jicho tangu siku hiyo.

Lakini kulikuwa na kosa moja tulilolifanya sote, mwenye mkono mwepesi na mwenye mkono mzito. Mtu wa mionzi hufundishwa kukimbia. Ndiyo kazi yetu: unamlaza mgonjwa, unamnyoosha, unamwambia asitikisike, halafu unatoka, unafunga mlango, unasimama nyuma ya kile kioo kizito kinachozuia mionzi. Ukifanya hivyo miaka na miaka miguu inakuwa na akili yake. Basi tulikuwa tukishaingiza sindano, tukishaanza kusukuma dawa, tunajikuta tumeanza kurudi nyuma, mkono umenyooka mbele, macho yanatafuta kioo. Wote kabisa. Mkufunzi alituangalia tu siku ya kwanza, siku ya pili akauliza kwa ile sauti yake ya upole, "Samahani, mashine haijawashwa. Mnamkimbia nani?"

Tukacheka, ila mimi nilicheka nusu. Akatufundisha kusimama. Alichukua vidole vyangu viwili akaviweka juu ya mkono wa plastiki, pale sindano ilipoingia, akasema nisiviondoe mpaka dawa ya kwanza ipite. Dawa ikitoka nje ya mshipa, alisema, vidole vitajua kabla mgonjwa hajalia. Uanze na maji ya chumvi kidogo, uone yanapita, ndipo uunganishe dawa yenyewe. Kisha kikaja alichokirudia kila siku mpaka tukamwigiza akiwa hayupo: mgonjwa akishapigwa picha asiende nyumbani. Akae nusu saa mahali mnapomwona, na kanula, ule mrija mwembamba wa mshipani, ibaki mkononi mwake, kwa sababu akianza kuvimba hamtapata muda wa kumtafutia mshipa mwingine.

Hayo niliyakubali kwa kuwa yalikuwa na mantiki. Kilichonikera ni maswali. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu wa kumuuliza mgonjwa: una mzio, una pumu, una kisukari, una shida ya figo, naye anajibu hapana, hapana, hapana, mnaendelea. Mkufunzi akasema hapana za namna hiyo ni za adabu tu. Mgonjwa anataka kukuridhisha uendelee na kazi. Yeye alitaka tumuulize kama amewahi kuchomwa sindano ya picha, lini, wapi, na siku ile jioni alishindaje, alikula nini, alilalaje. Wenzangu wakaandika. Mimi nikamwambia mbele ya watu kwamba huo kwetu Pwani unaitwa umbea. Akatabasamu akasema, "Ni kweli mama, maswali haya yanafanana na umbea."

Tulipofika hatua ya kuchomana wenyewe kwa wenyewe nilikataa kutoa mkono wangu. Sikumwamini mtu pale. Mkufunzi hakunilazimisha. Alikunja shati lake akanipa mkono wake mimi niuchome, na nikauchoma, na vidole vyangu vikabaki pale vilipotakiwa kubaki mpaka mwisho, ingawa jasho lilinitoka hadi kwenye nyusi.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa mkali namna ile. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Alikuwa kwake Kisarawe, mkojo wake ukawa na damu, nikamleta Kibaha, kipimo cha altrasaundi kikaonesha uvimbe kwenye figo. Daktari wa upasuaji akasema utoke, na usicheleweshwe, lakini kwanza apate picha ya siti skani yenye dawa ili ajue uvimbe umegusa mishipa gani. Siku ya picha ikaangukia palepale kwenye mafunzo yetu. Maana yake ni kwamba mkono ambao wenzangu walikuwa wanajiandaa kuuchoma baada ya mkono wa plastiki ulikuwa wa mama yangu. Kila nilipowaona wanacheka na Mzungu wao nilimwona mama amelala pale.

Mama naye ndiye aliyenifundisha kushuku. Nimechota kisimani kwake. Alikuja kukaa kwangu Visiga akaleta na kikombe chake mwenyewe. Akiletewa chakula na jirani alishukuru sana, jirani akigeuka sahani inakwenda kwa kuku. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa anasema, na tangu utotoni nilijua nguo yenyewe ni nani. Ni shangazi yangu, dada wa baba, ambaye shamba lake la mihogo limepakana na letu. Nilipokuwa shule ya bweni, mama alirudi kutoka safari ya Dar, akapita kwa wifi yake huyo, akala ugali na kisamvu cha nazi. Kabla hajamaliza sahani mwili ukaanza kuwasha, uso ukavimba mpaka macho yakafumba, pumzi ikawa inapita kwa taabu. Walimbeba, akapona kwa shida. Watu wakasema ni mkono wa mtu, na mtu mwenyewe hakuwa mbali. Shangazi alipoambiwa hakukana wala hakuapa. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukawa ndio ushahidi. Tangu hapo nyumba zile mbili hazikuazimana moto. Baba alikufa zimenuniana, nasi watoto tulikua tukijua kwamba kwa shangazi unasalimia ukiwa umesimama.

Siku ya picha nilifika na mama mapema. Nilikuwa nimemwomba mkuu wa idara nimchome mimi, akasema mtoto hamchomi mama yake, macho yatajaa machozi. Akapangwa yule mwenye mkono mwepesi. Nilisimama pembeni ya kitanda nimekunja mikono, nakagua kila kitu. Niliisoma chupa ya dawa, tarehe ya mwisho na yote, nikaangalia kama trei ya dharura ina adrenalini ndani au wameweka trei ya maonesho. Mkufunzi alikuwa ukutani, ameshika mikono nyuma.

Mwenzangu akampata mama mshipa mara moja, akapitisha maji ya chumvi, vidole viko pale vinapotakiwa. Nikaona ajabu, sikuwa na la kumlaumu. Akauliza, "Bibi, una mzio wa dawa yoyote?"

"Hapana mwanangu."

"Hana," nikasema na mimi, ili aharakishe.

Akachukua sirinji ya dawa ya picha. Mkufunzi akatoka ukutani, akasogea hadi usawa wa uso wa mama, akamwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Kisha akauliza, "Bibi, umeshawahi kupigwa picha nyingine ya namna hii, ya kuchomwa sindano?"

"Niliwahi. Zamani sana, huko mjini. Walisema nina mawe kwenye figo, wakanichoma dawa, mwili ukawa wa moto, wakanipiga picha."

Sikuwa nalijua hilo. Nilijua alikwenda Dar kupimwa, basi.

"Na siku hiyo jioni ulishindaje?"

Mama akageuza uso akaangalia dari. "Siku hiyo usiniulize, baba. Siku hiyo ndiyo nililishwa."

Damu ilinipanda. Nilifikiri, nani kamweleza huyu mambo ya kwetu? Nani kamwambia auchokonoe ugomvi wa Kisarawe hapa mbele ya wenzangu? Nikamwambia, "Mkufunzi, hayo ni ya familia, tuendelee na kazi." Hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mwenzangu, ule wenye sirinji, na bado anamsikiliza mama.

"Ulilishwa nini, bibi?"

"Kisamvu. Kwa wifi yangu. Hata sikumaliza sahani. Nikawashwa, nikavimba uso huu wote, koo likabana."

"Na hospitali ulitoka muda gani?"

"Nilitoka hapohapo. Waliniambia nikae kwanza kwenye benchi, lakini kaka yangu alikuwa na pikapu ya kubebea mihogo, inapiga honi nje. Nikaingia garini. Nilipofika Kisarawe nilipita kwa wifi moja kwa moja, nilikuwa na njaa."

Mwenzangu, yule wa maneno mengi, aliirudisha sirinji kwenye trei taratibu bila kuambiwa. Ndipo mkufunzi akaniangalia, na sidhani alikuwa anajua anachonifanya. Yeye alikuwa ameokoa mgonjwa, kazi yake ndiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na hadithi yote ya nyumba yetu imegeuka miguu juu. Kwetu hadithi ile siku zote ilianzia kwenye kisamvu. Hakuna aliyewahi kuisimulia kuanzia hospitali, kwa sababu hospitalini hakukuwa na mtu wa kumchukia.

Nililia. Nililia kwa woga, kwa sababu ile dawa ingeingia, na safari hii mama hana nguvu za zamani. Mimi mwenyewe nilisema hana mzio. Watu wakanikalisha.

Mama alipigwa picha bila dawa. Daktari wa upasuaji akaisoma pamoja na altrasaundi nyingine aliyoirudia mwenyewe kwa makini, akasema si picha aliyoitaka lakini inamtosha kufanya kazi. Akatupa tarehe ya kulazwa. Mkufunzi akamwandikia mama kadi ya kuonesha kila hospitali kwamba dawa hiyo asichomwe, nami nilimshukuru, ila nilimuuliza pia nani alimwambia habari zetu. Akasema hakuna. Akasema anamuuliza kila mtu. Nilimwamini kwa shida.

Mama nilimweleza nyumbani, tukiwa barazani. Nilimweleza mara mbili, kwa maneno ya kawaida: dawa ile ya picha ndiyo iliyokuvimbisha, kisamvu hakikuwa na kitu. Alikuwa anamenya machungwa, akaendelea kumenya mpaka yakaisha yote, hakula hata moja. Nikadhani hajaelewa, au ameelewa ameamua kukataa, maana mama anaweza. Siku mbili hakulitaja. Siku ya tatu, wakati naanza kupanga nguo zake za hospitali, akasema, "Nipeleke Kisarawe kwanza."

"Kufanya nini mama? Unatakiwa upumzike."

"Kuomba radhi. Daktari akinifungua nikafa, hilo neno nitalipeleka wapi?"

Kwetu mtu hapasuliwi wala hasafiri safari ndefu bila kuomba radhi kwa watu wake, hata kama ugomvi ni wa sahani. Nikakodi gari, tukashika njia ya Kiluvya. Njia nzima mama alikuwa akijiinamia. Tulipofika alikwenda kukaa mlangoni kwake, akaangalia nyumba ya wifi yake ng'ambo ya mihogo, akashindwa kunyanyuka. "Nenda wewe," akasema. "Wewe ndiye mwenye maneno ya hospitali. Mkielewana nitakuja."

Nikapita kwenye mihogo peke yangu. Shangazi alikuwa nje, anaanika ukili wa kushonea mikeka. Amezeeka, mgongo umepinda. Nikamwamkia nikiwa nimesimama, kwa mazoea, naye akaitikia bila kunikaribisha, kwa mazoea. Nikakaa chini mwenyewe. Nilimweleza yote: sindano ya picha ya kule mjini, pikapu, njaa, na ile nusu saa ambayo mama hakuikaa. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo kisamvu changu?"

"Hakikuwa na kitu, shangazi. Angekula kwa mtu yeyote, au asingekula kabisa, angevimba vilevile."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akauacha ukili. "Siku ile nilikitwanga harakaharaka," akasema. "Nilikuwa na mambo mengi, na kuni zilikuwa mbichi. Kisamvu kisipoiva kina sumu, kila mtu anajua. Nilipomwona anavimba nikajua nimemuua mke wa kaka yangu kwa uvivu wangu. Akapona, akaniita mchawi. Nikanyamaza. Ningesema nini? Mchawi sikuwa, lakini mkono wangu ndio uliompa sumu. Nikamwachia mkwe wangu jiko. Wajukuu hawa wote wamekua, sijawapikia hata uji."

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa chuki, kwa maringo, hata kwa kufukuzwa. Hilo sikulishuku kamwe, mimi ninayeshuku kila kitu.

Shangazi akanyanyuka. Sikuwahi kumwona amesimama wima namna ile. Akapita kwenye mihogo bila fimbo, mimi nyuma yake, akafika mlangoni kwa mama, na mama alipofungua mdomo kuanza maneno ya radhi, shangazi akamkatiza.

"Nyamaza. Wewe umesema miaka yote. Leo ni zamu yangu."

Akamsema. Alimsema kwa Kiswahili, akamsema kwa Kizaramo, alimsema kwa msiba wa baba alikokaa upande wa jua kwa kuwa kivulini hakukaribishwa, akamsema kwa harusi za wanawe ambazo mama hakuingia. Majirani walitoka. Mimi nilitaka kuingilia, mama akaninyooshea kiganja nikae. Alikaa pale mlangoni, mgonjwa, tarehe ya kupasuliwa iko shingoni, akayapokea yote bila kujibu hata moja, na machozi yakimtoka bila sauti.

Sauti ya shangazi ilipokauka, alikaa chini kwenye kizingiti, bega kwa bega na mama, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Haya," akasema. "Sasa niombe hiyo radhi."